Nani Atakula Hasara?

Mtwara ni mji uliozaliwa na dau lililopotea. Mpaka katikati ya miaka ya 1940 bandari ya mwambao huu ilikuwa Mikindani, na hapa ulipo mji leo palikuwa na vijiji vya wavuvi na wakulima kando ya ghuba yenye kina kirefu. Kisha Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga kwa kiasi ambacho dunia ilikuwa haijakiona: zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji pa kutokea. Ndipo ilipochorwa bandari, ikachorwa reli, ukachorwa na mji wenye barabara pana na viwanja vilivyoachana, tayari kwa watu wengi waliotarajiwa kuja.

Karanga hazikuja. Wazo lilikuwa la Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, aliyelipeleka kwa serikali yake mwaka 1946. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, ukazunguka kwa majuma machache, ukaandika ripoti, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Matrekta yaliyookotwa kwenye mabaki ya vita yakakutana na vichaka vya Kongwa, na mibuyu, na mvua isiyofuata ratiba ya mtu, na udongo unaokakamaa kiangazi hata jembe lisiingie. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Reli ya kusini iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki, na mji ukabaki.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama onyo kwa wenye tamaa kubwa: ukiona mtu anataka kulima ekari milioni, mkumbushe Kongwa. Mimi sikubali kwamba funzo lake ni hilo. Kuthubutu hakukuwa kosa. Dunia ilikuwa na njaa ya mafuta, na mtu anayekaa akingoja uhakika hawezi kulisha yeyote. Kosa la kwanza lilikuwa kurukia ekari milioni kabla ya kulima ekari mia na kuona zinasemaje. La pili, ambalo ndilo linalonishughulisha, ni kwamba walioamua walikuwa London, na walioishi ndani ya uamuzi huo walikuwa Nachingwea. Vijana waliacha mashamba ya mihogo ya wazee wao wakaenda kung'oa visiki kwa ujira. Mradi ulipokufa walirudi nyumbani, wakakuta mashamba yamegeuka msitu. Misimu waliyoipoteza haimo katika zile pauni milioni 36. Hakuna daftari lililoiandika.

Tangu hapo, kila ninapomsikia mtu akisifia ujasiri katika biashara, huwa nauliza swali moja: mambo yakiharibika, nani atakula hasara? Mwambao huu, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, umelijibu swali hilo kwa njia nyingi, na majibu yake hayalingani kwa haki.

Panda juu kwenye uwanda wa Wamakonde, Newala au Tandahimba, uone dau la namna nyingine. Mkulima anayepanda mkorosho anajua kwamba hatakuwa na cha kuuza mpaka mwaka wa tatu au wa nne, na mavuno ya kueleweka yatakuja baadaye zaidi. Katika miaka hiyo anapanda mihogo katikati ya mistari, anachanganya mbaazi, kunde na njugu mawe, anakula humo humo huku miche ikinyanyuka. Mikorosho ikishatanda kivuli, mihogo inahamia kipande kingine. Amekwisha kujibu swali la kwanza la kila kazi isiyo na uhakika: wakati nangoja, nitakula nini?

Mashaka hayaishii kwenye kungoja. Juni na Julai, maua yanapochanua, unaingia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaofunika maua kwa unga mweupe mpaka yakauke bila kushika. Dawa yake ni salfa, na matumizi yake yalichunguzwa na kuenezwa na watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Anayepulizia salfa anatoa pesa leo kwa ajili ya korosho za Oktoba, ambazo bei yake bado haijulikani. Asipopulizia anaweza kuukosa msimu mzima. Hata mbaazi aliyoipanda kama kinga ina hatari yake: mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku kusini ikaanguka vibaya ndani ya msimu mmoja. Mkulima wa Newala hakuwa amekosea chochote shambani. Uamuzi uliomuumiza ulifanywa ng'ambo ya bahari na watu ambao hawakumfikiria.

Nasema hivi kwa sababu ipo tabia ya kumhesabu mkulima kuwa mtu wa kuogopa, mtu anayeng'ang'ania ya jana, na kumhesabu mwekezaji kuwa ndiye mthubutu. Mkulima wa korosho anaweka dau kila mwaka dhidi ya mvua, ukungu, wadudu na soko, na anaweka mali yake mwenyewe. Tofauti yake na wale wa karanga ni kwamba analipanga dau hilo kwa namna ambayo likipotea nyumba haianguki. Huo si woga. Ni ujasiri wa mtu anayejua kwamba mwakani atalazimika kuthubutu tena.

Nchi yenyewe haikujifunza hivyo upesi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kwa mavuno ya namna hiyo mbele ya macho, zikakopwa fedha nje na kujengwa viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vingi vikiwa huku kusini. Wakati viwanda vinapanda, mashamba yalikuwa yanashuka. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima haikumvuta kurudi kuipalilia, na ubwiriunga ukaenea bila wa kuupinga. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo ikakosa cha kubangua, na deni likabaki palepale. Mkopo ulipimwa kwa mavuno ya jana, na shamba ambalo kila kitu kilitegemea halikuulizwa.

Korosho zilirudi polepole kuanzia miaka ya 1990, na leo dau hilo lina ukumbi wake wa wazi. Baada ya Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya mwaka 2005, mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala ulianza Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinakwenda ghala kuu, naye anabaki na karatasi. Kisha unakuja mnada.

Sijui mahali pengine ambapo biashara ilionekana uchi kama kwenye minada ile ya bahasha. Watu walijaa chini ya miti na kwenye turubai, wengine walikuja na pikipiki kutoka vijiji vya mbali. Ofisa wa chama kikuu alikaa mbele na sanduku la zabuni. Alifungua bahasha moja moja, akasoma kwa sauti: jina la kampuni, tani inazotaka, bei kwa kilo. Ilipososomwa bei ya chini, umati uliguna kwa pamoja. Iliposomwa ya juu, kinamama walipiga vigelegele kabla hata namba haijamalizika kutajwa. Mwisho liliulizwa swali: tuuze, tusiuze? Na wakulima walijibu.

Katika mnada mmoja nilikaa karibu na mzee aliyekuwa hapigi kelele wala haguni. Bei iliyotoka ilikuwa nzuri. Vijana waliokuwa mbele yetu walikuwa wanakokotoa kwenye simu, wakitoa makato ya halmashauri, ya chama kikuu, ya chama cha msingi, ya ghala na usafiri, wakitazama kinachobaki na kucheka.

"Mzee, shikamoo. Wewe huhesabu?"

"Marahaba, mwanangu. Ya kwangu nilishaihesabu Machi."

Nikaelewa. Alikuwa ameuza kangomba: alipokea pesa wakati wa njaa, mikorosho haijatoa hata ua, kwa bei aliyoitaka mnunuzi na kwa kipimo cha mnunuzi. Gunia lililokuwa ghalani kwa jina lake halikuwa lake. Nikamuuliza kwa adabu kama hakukuwa na njia ya kungoja japo miezi michache.

"Kungoja nako kunataka chakula," akasema.

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu mitaji na hatari, na sijaona yaliyonieleza jambo hili kwa ukamilifu kuliko mzee yule. Kungoja ni kazi, na kazi hiyo ina gharama. Mwenye akiba ya chakula na ada ya shule anaweza kubaki na dau lake mpaka Oktoba, akala faida yote au hasara yote. Asiye na akiba analazimika kuliuza dau lenyewe, na analiuza kwa bei ya dharura. Kangomba imepigwa marufuku, na nakubali kwamba inamnyonya mkulima. Lakini marufuku haijaziba lile pengo la Machi. Pengo likiwa wazi, atatokea mtu wa kuliziba kwa riba anayoitaka yeye, na ataendelea kutokea hata wakikamatwa kumi.

Tena huyo mnunuzi wa kangomba naye amebeba hatari, na mwaka 2018 tuliliona hilo. Msimu ule wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei zilizosomwa minadani. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yakaambatana na uhakiki: onyesha shamba lako. Waliokuwa wamekusanya korosho za kangomba hawakuwa na shamba la kuonyesha, na wengi wao walikiona cha mtema kuni. Wengine walikuwa vijana wa vijijini wenyewe, wametumia mitaji waliyokopa mjini. Wakulima waliokuwa na chakula ndani waliweza kustahimili miezi ya kusubiri malipo. Waliokuwa hawana, waliuza mbuzi, waliuza baiskeli, waliingia madeni mapya. Uamuzi wa kugoma ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa haki. Uzito wake haukuwa mmoja.

Wafanyabiashara wa mwambao walilijua jambo hili la kugawana hasara kabla ya mabenki. Mikindani, ambayo majengo yake ya mawe bado yanatazama ghuba, iliishi kwa mali kauli: mtu anachukua nguo, shanga na waya wa shaba kwa kuaminiwa, anakwenda bara na msafara, anarudi baada ya miezi au miaka, analipa. Katika fikihi ya biashara waliyoifuata wengi wa watu hawa kulikuwa na mkataba wa mudharaba. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa safari na akili yake. Faida wanagawana kwa mafungu waliyoafikiana mapema. Hasara ikitokea pasipo uzembe, mwenye mali anapoteza mali, na msafiri anapoteza jasho lake. Hapewi deni la kumfuata mpaka kaburini kwa sababu ya dhoruba ambayo si yeye aliyeivumisha. Mkataba huo unalikubali jambo ambalo mikopo mingi ya leo inalikataa: kwamba mwenye mali anayetaka faida ya kazi isiyo na uhakika amekubali na kutokuwa na uhakika kwake.

Lakini misafara ile ile ndiyo iliyoleta pwani watumwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa, kupitia Kilwa, Lindi na hapa Mikindani. David Livingstone aliondoka Mikindani mwaka 1866 kuelekea bara, na katika njia iliyofuata Ruvuma aliandika kuhusu watumwa waliokutwa wamekufa wakiwa wamefungwa kwenye miti. Hao ndio waliobeba hatari ya biashara kwa ukamilifu wake. Chakula kilipopungua njiani, wao ndio walioachwa. Kwenye hesabu za mkopeshaji wa Unguja kifo chao kilihesabika kuwa upungufu wa mali. Sitaki kulipita jambo hili haraka, kwa sababu linaonyesha mwisho wa njia ambayo mwanzo wake huonekana mdogo. Pale mtu anapojifunza kuthubutu kwa mwili wa mwenzake, ujasiri wake hauna mpaka, maana hakuna kinachomuuma yeye.

Historia ya gesi ya Msimbati inafundisha upande mwingine. Mwaka 1982 kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ilichimba huko Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, karibu na mdomo wa Ruvuma, ikakuta gesi. Siku zile gesi isiyo na mnunuzi karibu haikuwa mali. Kisima kikafungwa, wakaondoka. Zaidi ya miaka 20 ikapita ndipo ikaja Artumas ya Canada, ikakifungua, ikachimba vingine, na taa za Mtwara na Lindi zikaanza kuwaka kwa gesi ya hapa hapa. Artumas yenyewe ikabanwa na fedha mwaka 2009, ikageuka kuwa Wentworth, na uendeshaji ukashikwa na Maurel & Prom ya Ufaransa. Mwaka 2015 bomba la inchi 36 likaanza kupeleka gesi Dar es Salaam. Wa kwanza aliondoka mikono mitupu, wa pili almanusura azame, wa tatu ndiye aliyevuna.

Nani alikuwa na akili zaidi kati ya hao? Nadhani swali hilo halina maana kubwa. AGIP haikukosea kuchimba, na haikukosea kuondoka. Walichokiacha kilikuwa maarifa: kwamba ipo. Katika kazi isiyo na uhakika mara nyingi atanguliaye hulipia njia ambayo mwingine ataipita, na jamii nzima hunufaika kwa kuwapo watu walio tayari kutangulia. Hata karanga zilituachia bandari ya kina kirefu, inayopakia korosho, saruji na makaa ya mawe leo. Nazitambua faida hizo kwa moyo mmoja. Ila masharti yake ni kwamba aliyetangulia awe aliweza kumudu kushindwa. Kampuni inayochimba nchi nyingi huweza kufukia kisima kimoja ikaendelea na kazi. Familia yenye kiwanja kimoja haiwezi.

Na familia zenye kiwanja kimoja ndizo zilizoingia kwenye dau kubwa la Mtwara la miaka ile. Kuanzia 2010 visima vya bahari kuu vilianza kutoa habari njema mfululizo, na makadirio ya gesi ya nchi nzima yakapanda hadi futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa mbele ya pwani ya Mtwara na Lindi. Wageni wakajaa. Kiwanja cha mtaa wa Shangani kilichokuwa kikiuzwa kwa bei ya kawaida kikawa cha kugombewa. Watu waliuza mashamba ili wajenge gesti, wengine wakaweka hati za nyumba za urithi dhamana ya mkopo. Hesabu ilikuwa rahisi: kampuni zinakuja, wahandisi watalala wapi?

Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kampuni zikapunguza kazi, na mradi mkubwa wa kusindika gesi uliopangiwa Likong'o, Lindi, ukabaki mezani. Kwa kampuni hizo ilikuwa kuahirisha. Huku ilikuwa kusimama kwa maisha. Namjua mwenye gesti mmoja ambaye nondo za ghorofa ya pili bado zimetoka juu ya paa, zimeshika kutu kwa chumvi ya bahari. Vyumba vya chini alivikusudia wageni wa gesi, sasa amepangisha wanafunzi wa chuo, wanne chumba kimoja, wanapika barazani. Deni lake analilipa kidogo kidogo, na analilipa kwa sababu ghorofa ya kwanza aliijenga kwa fedha za korosho na ya pili tu ndiyo aliyoikopea. Jirani yake alikopa tangu msingi, na nyumba yake imeshapigwa mnada. Wote wawili walisikia habari zile zile, waliamini mambo yale yale, walikuwa na bidii ile ile. Aliyepona hakuwa na macho ya kuona bei ya mafuta ya 2016. Alikuwa na kipande cha mali ambacho hakukitia kwenye dau.

Tunapokumbuka miaka hiyo hatuwezi kuruka Mei 2013. Siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ulichafuka kwa hasira ya gesi kupelekwa Dar es Salaam. Nyumba na ofisi zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaletwa mitaani. Serikali ilisema gesi ni ya taifa zima, na hoja hiyo ni ya haki. Hakuna mkoa unaokaa peke yake. Lakini chini ya hasira ile, ambayo njia zake nyingine siwezi kuzitetea, lilikuwapo swali halali. Watu wa kusini walikuwa wamesubiri barabara, maji na ajira tangu enzi za reli iliyong'olewa. Waliona mambo yanabebwa tena kwenda kwingine. Waliotakiwa kuvumilia walitaka kujua fungu lao ni lipi, na hakuna mkataba waliosomewa.

Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, jibu la swali la nani atakula hasara limekuwa chungu zaidi. Wamakonde wa pande mbili za mto ni ndugu, na biashara ya Kilambo, Mahurunga na Kitaya imevuka maji tangu zamani kwa mitumbwi na kwa pantoni, licha ya kina kifupi na mchanga unaohamahama mdomoni mwa mto. Mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, wenye thamani ya dola bilioni 20, ulivuta wachuuzi na mafundi kutoka huku. Oktoba 2020 Kitaya, upande wetu, ikashambuliwa na waasi waliotoka ng'ambo ya mto. Machi 2021 Palma nayo ikavamiwa na waasi hao. Aprili mwaka huo kampuni ya Total (sasa TotalEnergies), iliyokuwa ikiendesha mradi huo, ikatangaza kwamba mambo yamezidi uwezo wake, na kwa tangazo hilo majukumu yake ya kimkataba yakasimama. Ni haki yake; kipengele hicho kimo katika mikataba ya namna ile. Mchuuzi aliyepeleka mzigo Palma kwa mali kauli hakuwa na kipengele chochote. Aliyenusurika na roho yake alirudi akakuta mwenye duka anamngoja. Wakubwa wameandikiwa mlango wa kutokea kabla hawajaingia. Wadogo huingia kwanza, na mlango wanautafuta moto ukishawaka.

Baada ya kuyaona haya kwa miaka, nimefika mahali ambapo simwambii kijana "thubutu" wala simwambii "kaa." Namwambia aanze na kipande ambacho akikipoteza ataumia na hataanguka. Namwambia asitie kwenye dau chungu cha nyumbani, ada ya watoto, wala hati ya nyumba ambayo si yake peke yake. Namwambia akikopa, amtafute mwenye mali aliye tayari kushiriki na dhoruba, na akikosa mwenye mali wa namna hiyo, apunguze safari. Na akiwa ndiye mwenye mali, namwomba asimtume mwenzake mahali ambapo yeye hatathubutu kupoteza kitu.

Lakini ushauri wa mtu mmoja mmoja hautoshi, na ni dhuluma kuufanya utoshe. Hekima ya kutenga kipande ni ya mwenye vipande viwili. Yule mzee wa mnadani hakukosa hekima, alikosa unga wa Machi. Kwa hiyo anayetaka kuona watu wa kusini wakithubutu zaidi, aanzie hapo: mkopo mdogo wa miezi ya njaa unaodhaminiwa na mikorosho iliyohakikiwa, kwa riba ambayo mtu anaweza kuilipa, bima ya mazao inayolipa kweli ukungu ukila maua, salfa inayofika kabla ya Juni, malipo ya korosho yanayoingia kwa wakati. Vikundi vya kuweka na kukopa vya kinamama wa vijijini vimeshaonyesha kwamba akiba ndogo inayokaa pamoja inampa mtu nguvu ya kusema "bei hii siitaki." Nguvu hiyo ndiyo mtaji wa kwanza. Mingine yote inafuata.

Na kwa miradi mikubwa ninalo dai moja. Juni 2022 serikali na kampuni zilitia saini makubaliano ya awali kuhusu mradi wa Likong'o, na ukija, utaleta tena wageni, viwanja vitapanda tena, na vijana watakopa tena. Faida zake zimeshatangazwa mara nyingi. Basi itangazwe na hasara. Kila mradi unaoletwa Mtwara na Lindi usomewe wananchi hadharani, kwa sauti, kama zabuni za korosho zilivyosomwa: ukichelewa miaka kumi nani anagharamia, bei ikianguka nani anabaki na deni, kampuni ikiondoka ardhi inarudi kwa nani na katika hali gani. Kisha watu waulizwe kama wanakubali. Watakaokubali baada ya kusomewa watakuwa wameweka dau lao wenyewe, kwa macho yao wenyewe, na hata wakishindwa hawatakuwa wametolewa sadaka. Mkulima wa Tandahimba anapewa heshima hiyo juu ya gunia la korosho. Anastahili kupewa hiyo hiyo juu ya ardhi anayoikanyaga.